Karl Jaspers: Tabibu wa Akili Aliyekuwa Mwanafalsafa

Mwili wa mwanadamu waweza kupimwa kwa mizani, joto lake likasomwa katika kipimajoto, na damu yake ikatazamwa kwa hadubini. Lakini huzuni yake haipimwi kwa ratili, wala hofu yake haina urefu wala upana. Kwa sababu hii wenye elimu waliotaka kumjua mtu wamegawanyika mafungu mawili tangu zamani. Matabibu wameuchunguza mwili. Wanafalsafa wameuliza maana ya maisha, uhuru na kifo. Kila fungu limefuata njia yake, na mara nyingi limeidharau njia ya mwenziwe. Insha hii ni habari ya mtu aliyezipita njia zote mbili, akaijua miiba ya kila moja. Jina lake ni Karl Jaspers, Mjerumani, ambaye alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili akaimaliza katika kiti cha falsafa.

Jaspers alizaliwa tarehe 23 Februari 1883 katika mji wa Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, si mbali na pwani ya Bahari ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mwanasheria na mkuu wa benki; jamaa za mama yake walikuwa wakulima. Mtoto huyu hakukosa chakula wala vitabu. Alichokosa ni afya. Alikohoa tangu utotoni, na michezo ya wenziwe ilimshinda. Alipokuwa na umri wa miaka 18 tabibu mmoja, Albert Fraenkel, aliyatambua maradhi yake: mirija ya mapafu ilikuwa imetanuka na kufanya usaha, na moyo ulikuwa umeanza kudhoofika kwa ajili hiyo. Siku zile maradhi hayo hayakuwa na dawa. Vitabu vya utabibu alivyovisoma mwenyewe vilisema kwamba wagonjwa wa namna yake hufa wangali katika miaka ya thelathini.

Mwingine angalikata tamaa akangoja siku yake. Jaspers alifanya kinyume. Aliyapanga maisha yake kama mtu mwenye fedha kidogo apangavyo matumizi. Alipumzika kwa saa maalumu, aliepuka safari ndefu na karamu, alisafisha mapafu yake kila siku bila kukosa, na nguvu zilizobaki alizitia katika kazi. Hivyo yule aliyehukumiwa kufa kijana aliishi miaka 86. Ni vema msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa mtu huyu alipoandika habari za mateso hakuandika kama msikilizaji wa habari za mbali. Wahenga wamesema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jaspers alikuwa amekilalia.

Alianza kwa kusoma sheria, lakini hakuona ndani yake jibu la maswali yaliyomsumbua. Mwaka 1902 aliiacha akashika utabibu, akasoma Berlin, Göttingen na hatimaye Heidelberg. Alitaka kumjua mtu, na aliona kwamba mlango wa hakika ni mwili wake na maradhi yake. Insha yake ya udaktari, iliyochapishwa mwaka 1909, ilihusu jambo ambalo wengi wasingalidhani kuwa lastahili kuandikiwa: upweke wa nyumbani na uhalifu. Aliwachunguza wasichana wadogo waliotolewa kwa wazazi wao wakapelekwa kulea watoto katika nyumba za wageni. Baadhi yao walishikwa na hamu kubwa ya kurudi kwao, na kwa kutojua njia nyingine, wakachoma nyumba za mabwana zao au wakawaua watoto waliokabidhiwa. Mahakama ziliona uovu tu. Jaspers hakuuficha uovu huo, lakini aliuliza: msichana huyu aliishi nini moyoni mwake hata akafika hapo? Swali hilo la kijana ndilo lililoyaongoza maisha yake yote.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika hospitali ya maradhi ya akili ya Chuo Kikuu cha Heidelberg. Mkuu wa hospitali alikuwa Franz Nissl, bingwa aliyevumbua namna ya kuzitia rangi seli za mishipa ya fahamu ili zionekane wazi katika hadubini. Kwa sababu ya udhaifu wake Jaspers hakuweza kushika zamu kama madaktari wengine. Alikubaliwa awe msaidizi wa hiari, asiye na mshahara, mwenye ruhusa ya kuwaona wagonjwa na kuitumia maktaba apendavyo. Ugonjwa uliomnyima cheo ulimpa wakati. Alikaa na wagonjwa, akawasikiliza kwa saa nyingi, akayaandika maneno yao kama walivyoyasema wenyewe.

Aliyoyaona hospitalini yalimtia mashaka. Madaktari walibishana sana, lakini hawakuwa na lugha moja. Kila mmoja aliyaita maradhi kwa jina lake mwenyewe. Wengi waliamini kwamba maradhi yote ya akili ni maradhi ya ubongo, na kwa kuwa hawakuweza kuyaonyesha madhara hayo katika ubongo, waliyabuni. Jaspers aliyakataa maelezo ya namna hii akayaita ngano za ubongo. Hakukana kwamba ubongo waweza kuugua; alikana tu kwamba mtu aweza kudai kujua asilolijua.

Mwaka 1911 aliombwa aandike kitabu cha kufundishia, naye alikuwa na miaka 28 tu. Kitabu kilitoka mwaka 1913, na jina lake kwa Kijerumani ni *Allgemeine Psychopathologie*, maana yake elimu ya maradhi ya nafsi kwa jumla. Nguzo ya kitabu hicho ni tofauti ya mambo mawili: kueleza na kufahamu. Tofauti hiyo ilikwisha kusemwa na mwanafalsafa Wilhelm Dilthey kabla yake, lakini Jaspers ndiye aliyeiingiza wodini.

Kueleza ni kuonyesha sababu kutoka nje, kama fundi aonyeshavyo kwa nini mtambo umesimama. Mfano mzuri ulitokea mwaka ule ule wa 1913. Hideyo Noguchi, mtaalamu wa Kijapani aliyefanya kazi Marekani, pamoja na mwenziwe J. W. Moore, walivionyesha viini vya kaswende ndani ya bongo za watu waliokufa kwa kupooza na kurukwa na akili. Mgonjwa wa namna hiyo hujiita mfalme au tajiri wa dunia nzima. Hapana haja ya kutafuta katika huzuni zake za utotoni kwa nini akili imeharibika: viini vimeula ubongo. Hiyo ndiyo kueleza.

Kufahamu ni jambo lingine. Mtu aliyedhulumiwa akikasirika, au mama aliyefiwa akilia, hatuhitaji hadubini. Twajitia mahali pake, na twaona jinsi hali moja ya moyo izaavyo hali nyingine. Msichana wa kulea mtoto, aliyeililia nyumba yao hata akachoma nyumba ya watu, alikuwa hataeleweka kwa kupima fuvu lake. Jaspers alifundisha kwamba tabibu anahitaji njia zote mbili, na kwamba hatari kubwa ni kuzichanganya. Atakayeeleza tu atamgeuza mtu kuwa kitu. Atakayefahamu tu atadhani kwamba kila ugonjwa una hadithi, hata ule uliotokana na viini.

Kitabu kilifundisha pia kutenga umbo na kilichomo. Wagonjwa wawili wasikia sauti pasipo msemaji. Mmoja, mtu wa mjini, asema ni polisi wanaomnong'onezea kwa simu. Wa pili, mtu wa shamba, asema ni jini. Kilichomo ni mbali mbali, kwa maana kila mtu hukichota katika maisha na mila yake. Umbo ni moja: sauti isiyo na msemaji. Tabibu anayetazama kilichomo peke yake atadhani mmoja ni mgonjwa na wa pili ni mshirikina, au kinyume chake. Vile vile Jaspers alitaja dalili tatu za imani ya kichaa: mwenyewe huishika kwa yakini isiyo na mfano, haibadiliki kwa hoja wala kwa yaliyomfika, na jambo lenyewe haliwezekani. Baadaye madaktari wengi walizijadili dalili hizo na kuzitia dosari, lakini hata leo mjadala huanzia hapo.

Liko jambo moja ambalo amelaumiwa kwalo. Alishika kwamba baadhi ya mawazo ya wagonjwa hayafahamiki kabisa, hata msikilizaji akiwa na huruma na subira ya namna gani. Wengine baada yake, kama Mskoti R. D. Laing katika kitabu chake cha mwaka 1960, walipinga wakasema kwamba maneno ya mgonjwa yana maana akipatikana wa kuyasikiliza. Pengine mpaka alioweka Jaspers ulikuwa karibu mno. Hata hivyo, mpaka huo ulikuwa na adabu yake: ulimkataza tabibu kujisifu kwamba amemjua mgonjwa kuliko mgonjwa ajijuavyo.

Baada ya kitabu hicho Jaspers alianza kufundisha saikolojia katika kitivo cha falsafa. Hakuwa amesoma falsafa kwa utaratibu, wala hakuwa na shahada yake. Mwaka 1919 alitoa kitabu juu ya namna watu wauonavyo ulimwengu, na ndani yake alianza kuyaandika yale aliyoyaita hali za mpakani. Mtu hupanga safari, hununua shamba, huoa. Mambo hayo huweza kuyageuza akitaka. Lakini ziko hali asizoweza kuzigeuza: kifo, mateso, mapambano, na hatia. Azifikapo ni kama mtu aliyefika ukutani. Asiyetaka kuuona ukuta hujipumbaza. Auonaye na kuukubali ndiye aanzaye kuishi kwa kweli. Ni dhahiri kwamba mawazo haya hayakutoka katika vitabu peke yake. Yalitoka wodini, na katika kifua chake mwenyewe.

Mwaka 1922 alishika kiti kamili cha falsafa Heidelberg. Mwenziwe Heinrich Rickert, mwanafalsafa wa jina kubwa, hakumkubali, akaona kwamba tabibu hawezi kuwa mwanafalsafa. Kwa upande wa pili wapo matabibu waliodhani kwamba amepotea. Basi akawa kama popo wa hadithi, ambaye ndege walimkana na wanyama wakamkana. Jaspers hakushindana nao kwa makelele. Alinyamaza karibu miaka kumi bila kutoa kitabu kikubwa, akasoma, akaandika. Na kufikia mwaka 1932 *Philosophie* ilikuwa mikononi mwa watu, kazi ya majuzuu matatu. Tangu hapo hapana aliyeuliza tena kama ana haki ya kiti chake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Hannah Arendt, aliyeandika chini ya uongozi wake insha ya udaktari mwaka 1928, akaja kuwa mmoja wa watu mashuhuri katika elimu ya siasa.

Mwaka mmoja tu baadaye ulikuja mtihani ambao hapana shahada iwezayo kumsaidia mtu kuupita. Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika utawala. Mke wa Jaspers, Gertrud Mayer, waliyeoana mwaka 1910, alikuwa Myahudi. Jaspers aliondolewa katika uongozi wa chuo mwaka ule ule. Mwaka 1937 aliachishwa ualimu. Kisha akakatazwa kuchapisha. Rafiki yake Martin Heidegger, mwanafalsafa aliyesifiwa kote, alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, na urafiki wao ukafa. Njia ya kuokoka ilikuwa wazi: amwache mke, arudishiwe kiti. Aliikataa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hawa wawili walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba wakija kukamatwa watakufa pamoja. Sumu waliiweka tayari nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 1945 walipata habari kwamba siku ya kuhamishwa kwao imepangwa, tarehe 14 Aprili. Majeshi ya Marekani yaliingia Heidelberg mwishoni mwa Machi. Walipona kwa tofauti ya majuma mawili.

Wakati Jaspers alipofungiwa nyumbani, katika mji huo huo wa Heidelberg, hospitali ile ile aliyoandikia kitabu chake ilikuwa katika mikono mingine. Tangu mwaka 1933 mkuu wake alikuwa Carl Schneider, profesa wa maradhi ya akili na mfuasi wa Hitler. Serikali ilianzisha mpango wa kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, kwa hoja kwamba wanakula bila kuzalisha. Katika miaka ya 1940 na 1941 peke yake zaidi ya watu 70,000 waliuawa kwa moshi wa sumu. Madaktari walijaza hati, wakatia alama, na alama hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Schneider alikuwa mmoja wa mabingwa walioutumikia mpango huo, na bongo za baadhi ya waliouawa zilipelekwa kwake zichunguzwe. Alijiua gerezani mwaka 1946 kabla ya kuhukumiwa.

Hapa msomaji hana budi kusimama kidogo. Carl Schneider hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu, cheo, vyombo na maktaba iliyokuwa na kitabu cha Jaspers. Alichokosa si maarifa ya ubongo, bali ukumbusho kwamba aliye mbele yake ni mtu. Tabibu aliyekwisha kuzoea kueleza tu, asiyetaka kufahamu, yu karibu na mlango huo, ingawa si kila mmoja huupita. Katika miaka hiyo hiyo ya 1941 na 1942 Jaspers, amekatazwa kuchapisha, alikuwa nyumbani akikiandika upya kitabu chake cha maradhi ya nafsi, bila kujua kama atakuja kukiona kikichapwa. Kilitoka mwaka 1946, kinene kuliko cha kwanza, na ndani yake alisisitiza kwamba mtu daima ni zaidi ya yale yote yajulikanayo juu yake. Mwaka ule ule hospitali ilipata mkuu mpya, Kurt Schneider, aliyekuwa amejifunza mengi katika kazi za Jaspers. Jina la ukoo lilikuwa moja, lakini mwenendo ulikuwa mbali kama mashariki na magharibi.

Vita vilipokwisha, Jaspers alisaidia kukifungua chuo. Katika mafundisho yake ya majira ya baridi ya 1945 na 1946 aliwauliza Wajerumani swali ambalo wengi hawakutaka kulisikia: hatia ni ya nani? Alizitenga hatia nne. Ya kwanza ni ya uhalifu, na hakimu wake ni mahakama. Ya pili ni ya siasa: kila raia hubeba matokeo ya matendo ya dola yake. Ya tatu ni ya maadili, na hakimu wake ni dhamiri ya mtu mwenyewe. Ya nne ni ya kuwa binadamu: aliyekuwapo wakati mwenziwe akiuawa, naye akabaki hai, ana deni ambalo hapana mahakama iwezayo kulidai. Hakujitoa katika deni hilo. Tabibu alikuwa amewapima watu wake, na dawa aliyowapa ilikuwa chungu. Wengi hawakuinywa. Mwaka 1948 alihamia Basel, Uswisi, akafundisha huko hata uzee. Mwaka 1958 alipewa tuzo ya amani ya wauza vitabu wa Ujerumani, na aliyesimama kumsifu alikuwa Hannah Arendt. Alifariki tarehe 26 Februari 1969, siku ambayo mkewe alitimiza miaka 90.

Huenda msomaji wa Kenya akauliza mambo haya ya Ujerumani yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu. Toka mwaka 1938 hata 1950 hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na tabibu J. C. Carothers. Mwaka 1951 aliandika kwamba akili ya Mwafrika yafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili za Waafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimchapishia kingine juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakaidai walielezwa kama wagonjwa. Hawakufahamiwa kama watu wenye madai. Hiyo ilikuwa ngano ya ubongo iliyokamilika, na gharama yake walilipa wengine.

Aliyemjibu alikuwa mtu mwingine wa njia mbili. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alisomea utabibu wa akili Ufaransa na akaisoma falsafa pamoja nao. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 alimtaja Jaspers na fundisho lake la hatia ya kuwa binadamu. Akiwa tabibu katika hospitali ya Blida, Aljeria, tangu mwaka 1953, aliona jinsi utawala wa kigeni uwatiavyo watu maradhi, akajiuzulu mwaka 1956. Katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961, alimtaja Carothers kwa jina na kuyavunja madai yake. Basi elimu iliyoanzia Heidelberg ilifika Afrika, ikatumika kuwatetea waliodharauliwa.

Historia ya Jaspers yaonyesha kwamba elimu mbili katika kichwa kimoja si anasa. Utabibu ulimfundisha mwanafalsafa asiseme maneno matupu mbele ya maumivu ya kweli. Falsafa ilimfundisha tabibu kuuliza mpaka wa ujuzi wake ni wapi. Mwaka 1909 alimwona msichana mwenye hatia ambaye hapana aliyemuuliza neno, akamuuliza. Kijana anayejiandaa leo kwa utabibu, sheria, ualimu au utawala atawakuta wengi wa namna ya msichana huyo, kila mmoja na hati yake imekwisha kujazwa na watu wengine. Kalamu itakuwa mkononi mwake, na kabla ya kutia alama yake ana wajibu wa kusikiliza.